Nani Afundishwe Hipnosia?

Milango ya kuingilia katika elimu ya hipnosia ni miwili, na imejengwa karibu karibu. Mlango wa kwanza una bawabu. Bawabu huyo humwuliza kila ajaye: Ulisoma nini kabla ya leo, na nani aliyekupa leseni ya kumtibu mgonjwa? Mlango wa pili hauna bawabu. Una mpokea ada. Atoaye fedha huingia, awe karani, dereva, au dalali wa nyumba, na akitoka hutoka na cheti cha kutundika ukutani.

Katika Marekani, chama kiitwacho American Society of Clinical Hypnosis, kilichoanzishwa mwaka 1957 na Milton Erickson akiwa rais wake wa kwanza, ni cha mlango wa kwanza. Mafunzo yake ya mwanzo ni ya saa 20 kwa uchache, nayo ni kwa madaktari, madaktari wa meno, wanasaikolojia, wauguzi wenye shahada ya juu, na wenzao wa kazi za afya, pamoja na wanafunzi walio njiani kuzifikia kazi hizo. Mlango wa pili u wazi katika miji mingi ya Marekani na Uingereza, na wenye nao husema kuwa yule bawabu wa jirani halindi mgonjwa. Analinda kitumbua chake kisiingie mchanga. Bawabu hakuwa msafi siku zote, na hayo yatasemwa mahali pake. Lakini swali analouliza ni la haki, na wanaotaka liondolewe hawajui, au hawataki kujua, ni kitu gani wanachokifundisha.

Hipnosia ni hali ambayo fikira za mtu hukusanyika mahali pamoja, mambo ya pembeni yakafifia, na mtu mwenyewe akawa mwepesi kuitikia maneno anayoambiwa kuliko ilivyo kawaida yake. Akiambiwa kuwa mkono wake unapoa na kufa ganzi, huenda akauona umekufa ganzi kweli. Hapotezi akili wala hatekwi nia. Watu wengi katika Kiswahili hukimbilia maneno kiinimacho na mazingaombwe, na yote mawili yanakosea, kwa kuwa hayo ni hila za kumdanganya mtazamaji, na katika chumba cha tabibu hapana anayedanganywa. Hata jina la Kizungu lina kasoro. James Braid alilichota katika neno la Kigiriki la usingizi, kisha akaona kuwa wengi wa watu wake hawakulala, na mwaka 1847 akajaribu kulibadili. Alichelewa, jina lilikwisha kutembea.

Kisa cha Braid huyo chafaa kusimuliwa, maana ndani yake mna hoja yote. Alikuwa daktari wa upasuaji katika mji wa Manchester. Mwezi wa Novemba 1841 alikwenda kutazama maonyesho ya Mfaransa Lafontaine, aliyekuwa akiwalaza watu mbele ya umati kwa nguvu aliyoiita sumaku ya viumbe. Braid alikwenda kwa nia ya kumfichua mwongo. Alirudi akifikiri, na baada ya siku chache akajaribu nyumbani kwake. Rafiki yake mmoja alikazia macho shingo ya chupa ya mvinyo, mkewe akakazia pambo la bakuli la sukari, na mtumishi wake naye akapewa kitu cha kutazama. Haikupita muda, macho ya wote yalifumba. Hapakuwa na sumaku wala nguvu iliyotoka mkononi mwa mtu, na hayo ndiyo aliyoyatetea katika kitabu chake cha mwaka 1843.

Basi ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa chupa na bakuli, sebuleni, tena siku ya kwanza, haielekei kuwa kumtia mtu katika hipnosia ndiko kazi yenyewe. Mtu yeyote mwenye subira na sauti ya upole aweza kujifunza hilo kwa muda mfupi, na walimu wa mlango wa pili hawasemi uwongo wanapoahidi hivyo. Kosa lao ni kuuza ufunguo kana kwamba ni nyumba. Kazi aliyokuwa nayo Braid kabla ya chupa ile ndiyo iliyomfaa baada yake.

Katika zile saa 20 za mlango wa kwanza mwanafunzi husikia habari za Mesmer, na za tume ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1784, ambamo Benjamin Franklin na Lavoisier walikuwa wajumbe, iliyokata kauli kuwa umajimaji aliodai Mesmer haupo, na kwamba yaliyoonekana yalitoka katika mawazo ya wagonjwa wenyewe. Huondolewa dhana potofu alizokuja nazo. Humtazama mwalimu akionyesha. Kisha hukaa na wenzake katika kikundi kidogo. Mmoja hunena, mmoja hufumba macho na kusikiliza, wa tatu hutazama, na mkufunzi huzunguka akisahihisha. Hujifunza kukusanya fikira za mwenziwe, kufuata pumzi yake, kutunga maneno yanayolingana na haja na lugha ya mgonjwa, na kumrudisha katika hali yake ya kila siku akiwa mzima kabisa, maana mtu aliyeondoka huku nusu yake ingali imezama hafai kushika usukani wa gari. Hujifunza pia kumfundisha mgonjwa ajitie mwenyewe katika hali ile nyumbani. Siku ya kwanza ni ya haya nyingi: daktari aliyekwisha kupasua matumbo mia huona aibu kumwambia mwenziwe afumbe macho. Siku ya tatu aibu hiyo imekwisha, na wakati mwingine imekwisha kupita kiasi.

Wenye mlango wa pili huzisikia saa 20 wakacheka. Husema: Nyinyi mnatoa 20, sisi twatoa mamia; nani basi aliyefunzwa zaidi? Swali hili lina kishindo cha debe. Saa 20 zile huwekwa juu ya miaka. Daktari wa meno aliyeingia nazo alikwisha kujua mishipa ya taya, damu isiyoganda, usaha unaoelekea shingoni, na mtu wa kumpelekea mgonjwa yakimshinda. Alichopungukiwa ni maneno, na maneno ndiyo aliyokuja kuyachukua. Karani aliyesoma hipnosia peke yake kwa saa 300 amejifunza maneno kwa saa 300. Hodari ataondoka msemaji mzuri sana. Lakini hapana idadi ya saa za kujifunza kunena ambayo ikifika mahali fulani hugeuka kuwa elimu ya ini na ya moyo.

Wala huo ufundi wa kunena si mkubwa kama unavyotangazwa. Mwaka 1959 Weitzenhoffer na Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kipimo cha hipnosia chenye vipengele 12. Maneno yake yameandikwa, na mpimaji huyasoma kama yalivyo. Watu wote husomewa yale yale, lakini mmoja huitikia karibu yote, mwingine huitikia mawili au matatu, na wengi huwa katikati. Tofauti hiyo imo ndani ya msikilizaji zaidi kuliko katika ulimi wa msomaji. Habari hii ni chungu kwa kila ajivuniaye macho makali na sauti nzito, na pengine ndiyo sababu haionekani katika matangazo ya mlango wa pili.

Sasa na achukuliwe mgonjwa mmoja wa mfano. Mwanamke wa miaka hamsini anakuja na maumivu ya kichwa yaliyoanza mwezi uliopita. Humwamsha alfajiri, na asubuhi nyingine humtapisha. Anachoomba ni kupumzika nayo. Hipnosia yaweza kumpunguzia, na hapo ndipo penye hatari. Aliyesomea utabibu husoma kwanza ujumbe ulioletwa na maumivu hayo: huuliza, hutazama ndani ya macho kwa taa yake, hupeleka kichwa kipigwe picha, kwa sababu alama hizo zaweza kuwa za uvimbe katika ubongo. Asiye tabibu si lazima awe mwovu. Aghalabu ni mtu mwema. Ila hana ndani yake kitu cha kumshtua. Alifundishwa maneno ya kupoza kichwa, naye huyatumia kwa moyo mweupe; mgonjwa hushukuru, na mwezi mwingine hupita.

Kwa ajili ya mwezi huo mmoja walimu wa mlango wa kwanza wana kanuni yao, na mafunzo ya mwanzo yasiyoitaja hayastahili jina la mafunzo: mtu asiyatibu kwa hipnosia maradhi ambayo hana ujuzi wa kuyatibu bila ya hipnosia. Daktari wa meno hafanyi kwa maneno kazi ya daktari wa akili, na mwanasaikolojia hapozi tumbo ambalo halijatazamwa. Kanuni hii huwakata matabibu wenyewe kabla ya kumkata karani.

Huletwa ushahidi wa Bengal ili kuipinga. James Esdaile, daktari Mskochi, alianza mwaka 1845 katika hospitali ya Hooghly, kabla etha haijaonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na akapasua mamia ya watu bila ya dawa ya usingizi, wengi wao wakiwa na mabusha na uvimbe mkubwa. Kazi ya kuwapitishia wagonjwa mikono, iliyoweza kuchukua saa nzima na zaidi, aliwaachia wasaidizi wake wa Kihindi. Je, hao walikuwa madaktari? huuliza mpinzani kwa furaha. Hawakuwa. Lakini hawakuwa na kibao barabarani pia. Aliyesema huyu apasuliwe na huyu aachwe alikuwa Esdaile, na damu ilipotoka aliyejua pa kuizuia alikuwa yeye. Mfano huu wawahukumu wauletao, kwa kuwa waonyesha kuwa sehemu ile wanayoiuza kwa bei ya uganga mzima ndiyo iliyokuwa sehemu ya msaidizi.

Jambo la kumbukumbu ni baya kuliko la maumivu, kwa maana madhara yake humfikia hata mtu ambaye hakuwamo chumbani. Katika miaka ya 1970 polisi wa Marekani, wa Los Angeles wakiwamo, walifundishwa hipnosia kwa siku chache ili wawakumbushe mashahidi waliyoyasahau. Ilionekana busara: shahidi kasahau namba ya gari, na atiwe katika hipnosia, ataisoma. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya People v. Shirley, iliukataa ushahidi wa mtu aliyekwisha kukumbushwa kwa njia hiyo. Mwaka 1985 baraza la sayansi la chama cha madaktari wa Marekani lilieleza kuwa kumbukumbu za namna hiyo huchanganyika na mambo ya kubuniwa, na haziaminiki kuliko za kawaida. Shahidi huongezewa uhakika bila ya kuongezewa ukweli, na mtu wa namna hiyo akipanda kizimbani huaminiwa.

Hapa mpinzani ana jiwe mkononi, na ni haki yake kulitupa. Katika miaka ya 1980 na 1990 walikuwako wanasaikolojia na madaktari wa akili wa Marekani, wenye shahada zote, waliowachimba wagonjwa kumbukumbu za utoto, wengine kwa hipnosia, hata familia zikavunjika kwa mambo ambayo hayakutokea. Ni kweli. Shahada haimzuii mtu kupotea, na asemaye kuwa humzuia anawatetea matabibu kwa uwongo. Lakini wagonjwa wale walipozinduka walikuwa na pa kwenda. Waliwashtaki waliowatibu, baadhi wakalipwa fidia kubwa, na leseni ziliguswa. Mwenye cheti cha mlango wa pili atanyang'anywa nini? Cheti chake hakikutoka kwa serikali, na kesho aweza kupiga chapa kingine. Leseni si dalili ya hekima. Ni kamba ambayo mwisho wake mmoja umeshikwa na watu wengine.

Ama lawama ya kitumbua, ina ukweli ndani yake, tena si mdogo. Mwaka 1892 kamati ya Chama cha Madaktari cha Uingereza ilitoa taarifa kuwa hali ya hipnosia ni ya kweli, na kuwa matumizi yake ya tiba yawe ya madaktari peke yao. Wakaufunga mlango, wao wenyewe wakakaa nje yake. Mwaka 1955, baada ya miaka 63, kamati nyingine ya chama hicho hicho ilisema tena kuwa hipnosia ina mahali pake katika tiba, na kwamba wanafunzi wa udaktari waelezwe habari zake. Miaka 63 kwa neno lililokwisha kusemwa! Katika muda huo, kwa sehemu kubwa, walioiweka hai mbele ya macho ya watu walikuwa wachezaji wa jukwaani na waganga wa nyumbani. Na hata leo wanafunzi wengi wa udaktari humaliza masomo pasipo kusikia saa moja juu yake. Mlinzi wa ghala asiyelima wala asiyekula hana uso wa kuwafukuza wenye njaa. Kwanza na aingie ghalani afanye kazi.

Sheria nayo imesaidia kuchafua mambo. Sheria ya hipnosia ya Uingereza ya mwaka 1952 hutaka ruhusa kwa anayeionyesha hadharani ili kuwafurahisha watu, na sasa hukataza kumtumia katika maonyesho hayo aliye chini ya miaka 18. Juu ya mgonjwa aliyeketi peke yake na mtu asiyemjua, mlango umefungwa na macho yamefumbwa, haina la kusema. Mtu yeyote aweza kujiita mtibu kwa hipnosia. Basi anayechekesha huulizwa ruhusa, na anayeahidi kuponya haulizwi. Huku nyuma, tangu Whorwell na wenzake wa Manchester walipotangaza mwaka 1984 matokeo yao kwa wagonjwa 30 wenye utumbo unaosumbua pasipo kidonda wala uvimbe, ushahidi umeongezeka, hata mwongozo wa tiba wa nchi hiyo wa mwaka 2008 ukakubali wagonjwa wa namna hiyo wafikiriwe kupelekwa kwenye hipnosia iwapo dawa hazikuwafaa kwa miezi 12. Wapelekwe kwa nani? Whorwell ni daktari wa matumbo. Alijua ni utumbo upi haupasi kupewa maneno. Israel ilitunga sheria yake mwaka 1984, ikaiweka hipnosia mikononi mwa madaktari, madaktari wa meno na wanasaikolojia wenye kibali. Si sheria ya malaika, lakini angalau imejibu swali.

Husalia hoja moja ambayo haifai kuchekwa. Wapo wasemao: Wanasaikolojia ni wachache na ada yao ni kubwa, mtu wa mlango wa pili yuko jirani, ni nafuu, na humsikiliza maskini kwa saa nzima ambapo daktari humpa dakika sita. Kweli tupu. Lakini dawa yake haipatikani kwa kumtoa mtu barabarani akaitwa mtibu. Wapo watu ambao tayari wako kitandani pa mgonjwa. Mwaka 2000 Elvira Lang na wenzake waliandika katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 241 waliokuwa wakiingizwa vifaa katika mishipa na mafigo huku wakiwa macho. Waliosaidiwa kujituliza kwa hipnosia palepale mezani walitumia dawa chache kuliko wale wa utaratibu wa kawaida, na kazi iliyochukua kwa wastani dakika 78 kwa hao wengine ilichukua dakika 61 kwao. Msaada huo ulitolewa mle mle chumbani, huku matabibu wakifanya kazi yao. Huyo muuguzi, huyo mkunga, huyo mpiga picha za ndani ya mwili, ndio wafundishwe, na ada ipunguzwe mpaka waimudu. Bawabu wa mlango wa kwanza akiwaachia waliobobea tu, hoja ya kitumbua itakuwa imemfaa.

Na kuna la kumwonya yeye pia. Zile saa 20 humalizika kwa karatasi, na karatasi ina tabia ya kusema zaidi ya ilivyoambiwa. Chama chenyewe hakimhesabu mtu kuwa amethibitishwa mpaka aongeze saa 20 za daraja la pili, na saa 20 za kushauriana na mshauri aliyekubaliwa, na miaka miwili ya kuitumia kazini. Kwa nini basi mwanafunzi wa siku tatu aachwe aondoke akidhani amefika? Na zile karatasi za maneno yaliyotungwa tayari, hili la kuacha sigara, hili la usingizi, hili la uzazi, zipunguzwe. Zinamfanya tabibu asome badala ya kumtazama mgonjwa aliye mbele yake. Alasiri ya mwisho ya mafunzo ingefaa itumike kwa zoezi moja tu: mwanafunzi aletewe wagonjwa kumi wa mfano, na aseme ni yupi ambaye hatamtia katika hipnosia, na kwa nini, na atampeleka wapi.

Mafunzo ya namna hii huisha Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi daktari wa meno hurudi katika chumba chake, na mgonjwa wa kwanza ni kijana anayeogopa sindano. Humwambia atazame doa darini na apumue taratibu, na sindano ya ganzi bado iko mezani iwapo maneno yatashindwa. Asubuhi hiyo hiyo, mtaa wa pili, mhitimu wa mlango mwingine anapigilia kibao chake kipya. Hajamaliza msumari wa mwisho, mwanamke wa makamo anabisha hodi. Kichwa kinamuuma, anasema, tangu mwezi uliopita.